Je, Ubwana na Utwana ni Maumbile? Taarikhi ya Karagwe Yajibu



Siku moja, baada ya darsa ya alasiri, alinijia mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwenye heshima zake, akanitaka shauri. Binti yake ameposwa na kijana mwalimu, mwenye dini na tabia njema, mzaliwa wa Karagwe, mkoa wa Kagera. Binti ameridhia. Mama ameridhia. Lakini baba moyo wake ni mzito. Nikamwuliza, "Mzee wangu, una aibu gani uliyoiona kwa kijana huyu?" Akanijibu, "Sheikh, aibu sikuiona. Lakini asili yake hatuijui. Na wewe wajua kuwa tangu dunia iumbwe watu wana madaraja: pana bwana na pana mtwana, pana muungwana na pana asiyekuwa muungwana. Hayo ni maumbile, hatukuyafanya sisi."

Mas-ala ya kufu nilimjibu papo hapo kwa yale yaliyomo vitabuni: hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, si sharti la kusihi kwa ndoa, nao wakiridhia hapana neno. Lakini ile kauli yake ya mwisho haikunitoka kichwani. Kwani hiyo si kauli ya fiqhi, ni kauli ya taarikhi. Amesema "tangu dunia iumbwe". Basi huyu amedai jambo lililotokea, na mwenye kudai sharti alete mashahidi. Nami nimeona niwaite mashahidi hao mbele yenu, wasomaji, nanyi muwe makadhi. Tutaanza na huko huko Karagwe alikotoka kijana.

KARAGWE YA WAFALME

Karagwe na Kyerwa leo ni wilaya mbili, lakini hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, na zamani zote mbili zilikuwa ndani ya ufalme mmoja. Mfalme wake aliitwa Omukama, wa ukoo wa Bahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Chini ya ukoo huo walikuwako Bahima wenye ng'ombe, na chini yao Bairu waliolima migomba na mtama na kufua chuma.

Watu wa pwani waliijua nchi hiyo kabla ya Wazungu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo ilipita Tabora, ikapanda kaskazini hadi Kafuro, karibu na Bweranyange, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na kituo chao. Walipeleka nguo, shanga na shaba, wakarudi na pembe za ndovu, na pia, tusifiche, na watumwa.

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 alifika huko Mwingereza Speke, akapokewa vizuri na Omukama Rumanyika. Aliyoyaandika yametufaa. Anaeleza kuwa wanawake wa jumba la mfalme walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama, na unene huo ndio uliokuwa uzuri na daraja. Speke alifika hata kumchukua vipimo mmoja wao, jambo ambalo sisi hatulioni kuwa ni adabu. Lakini tujiulize: mwanamke asiyeweza kusimama, nani amchungiaye ng'ombe, nani amkamuliaye, nani amtekeaye maji? Unene wa mmoja ulibebwa na migongo ya wengi. Ndiyo maana ulikuwa alama ya ubwana: masikini hawezi kuwa nao hata akitaka.

Speke aliambiwa pia jinsi Rumanyika alivyopata ufalme. Baba yake, Ndagara, alipokufa, watoto wa kiume waligombania. Ikaletwa ngoma ndogo ya kifalme, ikawekwa chini, na aliye mrithi wa haki ndiye tu aliyeweza kuiinua. Ndugu zake walishindwa, naye Rumanyika akainyanyua kwa kidole kimoja. Hiyo ndiyo hadithi ya jumbani. Lakini Speke huyo huyo anatuhadithia kuwa nduguye Rogero hakukubali, vita vikapiganwa, na aliyemfaa Rumanyika hata akashinda ni Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Tabora, aliyekuja na watu wenye bunduki.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Ngoma ilisema kuwa ufalme ni maumbile, umo katika damu ya mtu. Bunduki zilisema kuwa ufalme ni nguvu na urafiki wa matajiri. Lau kuwa ngoma ingalitosha, bunduki zingalitakiwa za nini?

Na mwanzo wa ufalme wenyewe wajulikana. Bahinda huhesabu nasaba yao hadi kwa Ruhinda, ambaye wanahistoria humkadiria kuwa aliishi kiasi cha miaka 400 hadi 600 iliyopita. Na mwisho wake wajulikana pia: mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu nchi nzima. Hata nyarubanja, yale mashamba makubwa ya mkoani Kagera ambayo mwenyewe alikaa na mlimaji akampelekea sehemu ya mavuno na kazi ya mikono yake, yalitungiwa sheria mwaka 1965 ya kumpa mlimaji ardhi yake. Kitu chenye siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, je, chaweza kuitwa maumbile?

SHAHIDI WA KWANZA: VIGAE VYA MTO KAGERA

Mzee wangu atasema: "Kabla ya Ruhinda labda walikuwako wafalme wengine." Sawa. Basi turudi nyuma zaidi.

Mto Kagera unapita ukingoni mwa Karagwe na Kyerwa, ukizitenga na Rwanda na Uganda. Ndani ya mto huo, upande wa Nsongezi mpakani mwa Uganda, kimo kisiwa kidogo kiitwacho Kansyore. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo wakatoa vigae vya vyungu vilivyonakshiwa vizuri kwa michoro ya kupigwa kwenye udongo mbichi. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo vinapoonekana popote huitwa vya Kansyore, na vimeonekana sehemu nyingi kulizunguka ziwa Victoria, khasa upande wa Kenya. Vya kale kabisa vina umri wa kiasi cha miaka 8,000, na utengenezaji wake uliendelea mpaka karibu miaka 2,000 iliyopita.

Watu hao walikuwa nani? Kwa muda mrefu sana hawakuwa wakulima wala wafugaji. Walivua samaki, wakaokota kome, wakawinda wanyama, wakachuma matunda ya mwitu. Ni baadaye sana ndipo wakaja wenye majembe na tanuri za chuma, kama wale wa Katuruka, karibu na Bukoba, ambao mabaki ya tanuri zao yalichunguzwa katika miaka ya 1970, na kazi yao ina umri wa kiasi cha miaka 2,000.

Sasa katika mabaki ya wavuvi na wawindaji wale haikutolewa nyumba ya mfalme. Halikutolewa kaburi la bwana aliyezikwa na hazina. Haikuonekana ngome wala ghala la mkubwa. Kinachotoka ardhini ni mifupa ya samaki, makombe, mawe yaliyochongwa na vigae, vitu vya jikoni vya watu walioishi kwa namna moja.

Lakini kadhi mwadilifu hachukui ushahidi zaidi ya uzito wake. Kutoona si kusema hakikuwapo. Heshima ya mtu yaweza kuwa katika unyoya aliouvaa au wimbo alioimbiwa, na hayo ardhi haiyahifadhi. Kwa hivyo shahidi wa kwanza anatuambia jambo moja tu, nalo si dogo: kwa maelfu ya miaka watu waliishi kando ya mto huo bila ya kutuachia alama ya bwana na mtwana. Hawezi kutuambia waliishije nyoyoni mwao. Kwa hilo twahitaji shahidi aliye hai.

SHAHIDI WA PILI: WAHADZABE

Shahidi huyo yupo Tanzania hii hii. Kando ya ziwa Eyasi, kusini ya Ngorongoro, na katika bonde la Yaeda, wanaishi Wahadzabe, watu kiasi cha 1,000 na zaidi kidogo. Baadhi yao mpaka leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao porini: wanaume kwa upinde, mishale ya sumu na asali, wanawake kwa kuchimba mizizi na kuchuma matunda na ubuyu. Mtaalamu wa Kiingereza, James Woodburn, alikwenda kukaa nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, akajifunza lugha yao, na mwaka 1982 akatoa makala yanayosomwa mpaka leo juu ya usawa katika jamii kama hizo.

Aliwaona vipi? Hawana chifu. Kambi yao ni ya watu kama 20 au 30, na asiyependezwa na mwenzake huchukua upinde wake akahamia kambi nyingine, wala hapana wa kumzuia. Kwa hivyo mwenye kutaka kuwatawala wenziwe huamka asubuhi akajikuta anatawala majivu ya moto.

Mwindaji akiua mnyama mkubwa, nyama haiwi yake. Hugawiwa kambi nzima, na wenzake hudai fungu lao kwa sauti, si kwa kuomba. Mgawaji hapati wafuasi kwa kugawa kwake, kwa kuwa hakuna anayemshukuru kwa kupewa kilicho haki yake. Wala mwindaji hajisifu.

Mwanamke huchimba mizizi yake bila ya kumwomba mtu ruhusa, akala na kulisha. Kijana haihitaji ardhi ya baba yake ili apate kula, kwa hivyo baba hawezi kumtisha kwa urithi. Na kila mwanamume ana mishale ya sumu, kwa hivyo hata aliye hodari kuliko wote hulala usingizi wa tahadhari iwapo amemdhulumu aliye dhaifu.

Yako mengine ambayo sisi hatuwezi kuyasifu. Wanaume wa Kihadzabe hucheza kamari kwa kurusha vipande vya magamba ya mti, wakiweka rehani mishale, visu na vitu vinginevyo. Kwetu kamari ni haramu na itabaki haramu. Lakini Woodburn alitazama kazi yake pale, akaona kuwa mchezo huo huzungusha vitu kutoka mkono huu kwenda mkono huo, hata hapana anayekaa na mali muda mrefu. Na usawa wao haukutimia: katika mnyama mkubwa ziko sehemu ambazo ni za wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri yao tu, na mwanamke au kijana haruhusiwi hata kuziona zikiliwa.

Wala tusidhani kuwa maisha hayo ni pepo. Waliohesabu vizazi vyao wamepata kuwa kiasi cha mtoto mmoja katika watano hafikii mwaka, na karibu nusu hawafikii miaka 15. Simwambii mtu arudi porini. Ninachosema ni hiki: hawa ni wanaadamu kamili, wana akili, wana lugha, wana hasira na tamaa kama sisi, nao wameishi bila ya bwana wala mtwana. Basi haiwezekani kuwa ubwana umo katika maumbile ya mwanaadamu. Lau ungalikuwamo, nao wangalikuwa nao.

HOJA YA MPINZANI

Haki ni kumsikiliza mpinzani kwa hoja yake iliyo na nguvu. Naye atasema: "Si wawindaji wote waliokuwa sawa." Amesema kweli.

Huko Sungir, nchini Urusi, yalifukuliwa makaburi ya wawindaji waliokufa kiasi cha miaka 34,000 iliyopita, na watoto wawili walikutwa wamezikwa na maelfu ya shanga za pembe ya mamothi, yule mnyama mithili ya ndovu mwenye manyoya aliyekwisha kutoweka. Mtoto hakuwinda wala hakufanya la ushujaa; aliyepambwa hivyo alipewa heshima kwa sababu ya jamaa zake au kwa imani ya watu wake. Na huko Amerika ya Kaskazini, pwani ya bahari ya Pasifiki, yalikuwako makabila yaliyoishi kwa kuvua samaki aina ya samoni bila ya kulima, nayo yalikuwa na wakubwa, watu wa kawaida, na watumwa.

Sasa hawa wametofautiana na Wahadzabe kwa nini, hali wote hawakulima? Tazama samaki. Samoni hupanda mtoni kwa msimu, wengi mno, wakakaushwa na kuwekwa. Palipo na akiba pana ghala, palipo na ghala pana mlango, na palipo na mlango pana mwenye ufunguo. Mhadzabe hula leo alichokipata leo. Hana cha kufungia mlango. Woodburn naye aliweka tofauti yake hapo: kati ya wanaokula papo kwa papo na wanaongojea mavuno ya kazi yao. Ndiyo maana wataalamu wengine leo wanawaangalia tena wale watu wa vyungu vya Kansyore, waliokaa kando ya maji yenye samaki tele, wakijiuliza kama nao walikwisha kuanza kuwa na akiba na mahali pao maalumu.

Basi hoja ya mpinzani, ukiichunguza, inamgeukia mwenyewe. Amethibitisha kuwa madaraja yana sababu: akiba, ardhi, mifugo, silaha, biashara. Lenye sababu huja sababu yake inapokuja, na huondoka inapoondoka. Ng'ombe walipokuwa wengi Karagwe, daraja lilinenepa pamoja nao. Na tunda la mti huota pale ulipopandwa. Maumbile hayahitaji kupandwa.

WALIOKUWA SAWA WALIFANYWA NINI?

Hapa sharti tujitazame nafsi zetu. Watu hawa wasiokuwa na bwana walipokutana na wenye mabwana, waliwekwa chini ya wote. Katika falme za Maziwa Makuu, Batwa waliokuwa wawindaji wa msituni walihesabiwa kuwa wa mwisho kabisa, hata wengine hawakukubali kula nao chombo kimoja. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga, kusini magharibi ya Uganda, ilipofanywa hifadhi za taifa, Batwa walitolewa, wengi wao bila ya ardhi ya kuwaweka.

Na kwetu pwani? Nyuma ya Lamu wapo Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, warina asali na wawindaji, na wengi wao leo ni ndugu zetu katika dini. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, riziki yao ilikatika. Je, ni wangapi katika majumba yetu waliowahi kumtaja Mboni bila ya kucheka? Asali yake tumeila. Pembe aliyoileta iliuzwa bandarini kwetu. Yeye tukambakishia jina la dhihaka.

Kwa upande wa heri, Wahadzabe wa Yaeda mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao. Ni mfano mwema, na wengine waufuate.

Iko na riwaya moja ambayo kila Mwislamu wa pwani yafaa aijue. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, mmoja wa wale wa Kafuro, alifika Buganda kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Imepokewa kuwa alipoona watu wanauawa ovyo kwa amri ya mfalme, alisimama akamwambia kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na yeye mfalme kaumbwa na Mungu huyo huyo, hivyo si halali yake kumwaga damu zao. Neno zito hilo, kulisema mbele ya mfalme mwenye kuua. Na pamoja na hayo, njia ile ile iliyomleta Ahmed ilipitisha pia minyororo ya watumwa, na waliowanunua ni watu waliosali. Walijua kuwa Mungu ni mmoja na Adamu ni mmoja, kisha wakafanya hesabu ya faida. Elimu haikukosekana.

NILIYOMWAMBIA MZEE

Nilipokutana naye tena nilimwambia hivi: "Mzee wangu, una haki ya kuuliza dini ya kijana, na tabia yake, na kazi yake, na jinsi atakavyomweka binti yako. Uliza sana, wala usione haya. Lakini usiseme kuwa Mungu ameumba watu bwana na mtwana. Hayo waliyafanya watu, kwa ng'ombe na kwa bunduki na kwa ufunguo wa ghala, wakayatungia hadithi za ngoma. Huko Karagwe madaraja yale yamekwisha. Mjukuu wa Omukama na mjukuu wa mlimaji wamekaa dawati moja. Sisi twataka kuyahifadhi ya nini? Aya ya 13 ya Suratul Hujurat umeisoma tangu chuoni, nayo imekwambia makabila ni ya nini na ubora ni wa nini. Taarikhi imekuja kukubaliana nayo tu."

Mzee alinyamaza kitambo, akiivuta tasbihi yake. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo huyu kijana, babu yake alikuwa nani katika hao? Mwenye ng'ombe au mlimaji?"

Nikamjibu, "Hilo sikumwuliza, wala sitamwuliza."

Akaomba siku chache za kufikiri. Hadi ninapoandika maneno haya jawabu haijatoka, na binti yu ndani anangoja. Nawe msomaji, iwapo kwenu nyumbani yupo anayengoja jawabu kama hilo, usimngojeshe kwa jambo ambalo mashahidi wote wamelikana.

Wabillahi taufiq.